Mlinzi wa Antena ya Kurotani

Leo ni Jumapili, tarehe kumi na saba Novemba, mwaka 2019. Asubuhi hii ukungu umelala bondeni tangu alfajiri, na umande wa baridi umeunguza ncha za majani ya chai nyuma ya studio yetu. Saa tatu jua limejaribu kutokea, limeshindwa. Upepo hakuna kabisa.

Nimeutaja upepo kwa sababu, wasikilizaji wapendwa, mtu tunayemkumbuka leo angeanza kwa kuuliza habari zake. Kabla ya kukujulia hali, angekuuliza kwenu umevuma kutoka wapi.

Uyama Tsuneharu wa Kurotani amefariki dunia. Alifariki Jumanne asubuhi, nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka themanini na minne. Nairudia taarifa hii kwa mliofungulia redio sasa hivi: Mzee Uyama Tsuneharu, mlinzi wa antena ya Kurotani, hatunaye tena. Ameacha mke, Mama Fusae, na binti mmoja, Chizuru, anayeishi Hiroshima.

Kurotani mnaijua. Milima imeizunguka pande zote, na mawimbi ya televisheni hupita juu ya mapaa bila kushuka. Kwa hiyo mwaka 1973 nyumba kumi na nne ziliungana, zikanunua antena moja, zikaisimamisha juu ya mgongo wa mlima Hoshigami. Kutoka huko zikavuta waya mmoja ukashuka katikati ya mierezi mpaka kila sebule. Ushirika ukahitaji mtu wa kuiangalia antena hiyo. Tsuneharu alikuwa na miaka thelathini na minane, kibarua wa barabara za wilaya, na wakati wanaulizana ni nani, yeye alikuwa amekwisha kusimama. Wakamchagua. Aliifanya kazi hiyo miaka arobaini na sita.

Hakuwa mtu wa kukaa. Hilo kila mmoja wetu analijua. Chizuru aliniambia juzi, siku ya mazishi: "Sijawahi kumwona baba akimaliza kikombe cha chai. Nikiwa mdogo nilidhani chai ya watu wazima hunywewa nusu. Vikombe vyake vilikuwa vinapoa kila mahali, dirishani, juu ya kuni, barazani. Mama anavikusanya kama mtu anayeokota mayai."

Theluji ikianguka usiku, asubuhi Tsuneharu yuko mlimani anaupangusa waya. Nyani wakibembea juu ya waya, Tsuneharu yuko mlimani anawarushia mawe. Hekaluni kwa Buddha Amida, wakati wa mahubiri, alikaa karibu na mlango. Upepo ukigonga mbao, anaanza kupapasa viatu. Kasisi wa zamani alimzoea. Siku moja aliyakatiza mahubiri akasema, "Nenda, Tsune. Amida atakungoja." Watu walicheka, lakini Tsuneharu alikuwa amekwisha kutoka.

Sasa nizungumze kidogo juu ya Mama Fusae, maana bila yeye habari hii haina mwisho.

Mama Fusae ni mpenzi wa mieleka ya sumo. Mashindano ni sita kwa mwaka, siku kumi na tano kila mara, na tangu alipoolewa hajawahi kukosa siku ya mwisho ya mashindano hata moja. Alianza na redio, kisha ikaja televisheni. Kila pambano analiandika kwenye daftari. Anayeshinda anapewa duara jeupe, anayeshindwa duara jeusi. Mwaka 2007 alipatwa na kiharusi. Upande wa kushoto ukafa, mkono wa kulia ukabaki mzima. Kitanda chake kikawekwa sebuleni, kulia madhabahu ya nyumbani, kushoto televisheni. Akaendelea kuandika.

Madaftari hayo nimeyashika kwa mikono yangu. Ni thelathini na moja. Mwandiko ni wake, miaka nenda miaka rudi, maduara ya mviringo kama yamepigwa muhuri. Halafu, kuanzia mashindano ya Septemba mwaka 2011, kuna miandiko miwili. Maduara ni ya Mama Fusae. Majina ya wanamieleka yameandikwa na mtu mwingine, kwa herufi zinazokimbia mstari. Na kabla tu ya hapo, siku ya mwisho ya mashindano ya Julai 2011, ipo nafasi moja tupu. Pambano la mwisho kabisa. Halina jeupe wala jeusi.

Nafasi hiyo ndiyo nitakayowasimulia.

Mnaukumbuka mwaka huo. Serikali ilikuwa imetangaza kwamba tarehe ishirini na nne Julai, saa sita mchana, televisheni ya analojia itazimwa, na kila nyumba lazima iwe imehamia dijitali. Barua zilikuwa zikija kwa miaka mitatu. Mjini watu walinunua televisheni mpya, mambo yakaisha. Huku kwetu swali lilikuwa moja: je, mgongo wa mlima wenu utayashika mawimbi mapya?

Afisa mmoja alikuja Kurotani mara mbili. Alieleza kwa upole kwamba ushirika ukiwa na mashaka, nyumba zitapewa sahani za satelaiti za muda, zenye vituo vya Tokyo. Habari za wilaya yetu hazitakuwemo, alisema, lakini picha itakuwepo. Wengi walitikisa vichwa kukubali. Tsuneharu akasimama. Akasema mgongo wa Hoshigami utashika, yeye anaujua. Nagami Kikuyo, jirani yake wa ng'ambo ya kijito, ambaye hata leo ulimi wake haujapata kutu, akamwambia mbele ya wote kwamba picha ikikosekana, nyumba zote kumi na nne zitahamia sebuleni kwake zimwangalie yeye, maana na yeye huwa hatulii kama picha mbovu.

Mwezi Juni fundi alikuja kutoka mjini na kipimo chake. Akafunga antena mpya kwenye nguzo ileile ya zamani. Mawimbi yakashika. Mashindano ya Julai yalipoanza, Mama Fusae akaliona jasho kwenye mgongo wa mwanamieleka kwa mara ya kwanza maishani mwake. Alimwita mumewe aje aone. Mumewe alikuwa mlimani anaangalia nati.

Kisha, Jumanne ya tarehe kumi na tisa Julai, katikati ya mashindano, kikaja kimbunga. Kesho yake asubuhi nguzo ilikuwa imepinda kidogo, na antena mpya imegeuka. Antena ya zamani ilikuwa bado inatoa picha, ya chenga, lakini picha. Antena mpya haikutoa kitu. Fundi akapigiwa simu. Lakini wiki hiyo kila bonde la nchi hii lilikuwa likimpigia fundi wake simu. Alisema anaweza kufika Jumanne inayofuata.

Jumapili saa sita mchana analojia inazimwa. Jumapili hiyohiyo jioni ni siku ya mwisho ya mashindano. Fundi ni Jumanne. Hapo ndipo Tsuneharu alipobanwa, wasikilizaji wapendwa. Aliahidi mbele ya nyumba kumi na nne, na mke wake yuko kitandani anangojea siku moja ambayo hajawahi kuikosa.

Mtauliza, kwa nini asisikilize redio? Mimi mtangazaji wa redio nilimuuliza hivyo. Mama Fusae alinijibu bila kunionea haya: "Redio niliisikiliza miaka mingi, mwanangu. Nilikwisha kuliona jasho."

Alhamisi Tsuneharu alipanda peke yake. Akaigeuza antena, akashuka dakika arobaini kuja kuangalia televisheni, hakuna kitu, akapanda tena. Ijumaa hivyohivyo. Jumamosi hivyohivyo, mara nne. Alikuwa na miaka sabini na sita. Simu za mkononi hazishiki kule. Jumamosi jioni Kikuyo alimpita njiani akamwambia, "Kaka Tsune, mlima utalika kwa miguu yako. Kesho tupange watu kama zamani."

Kupanga watu kama zamani. Wazee mnajua maana yake. Watu saba husimama kando ya waya, kutoka mlango wa nyumba mpaka mgongoni, kila mmoja anamwona au anamsikia mwenzake. Aliye mbele ya televisheni anatoa neno, neno linapanda mlima kwa midomo saba. Na maneno yalikuwa matatu tu tangu mwaka 1973. Chenga. Vivuli. Safi. Aliye juu anageuza antena polepole. Anasikia chenga, anageuza. Anasikia vivuli, anajua amekaribia. Anasikia safi, anakaza nati. Kwa njia hiyo Kurotani ilipata picha yake kwa miaka thelathini na minane.

Jumapili ikafika. Saa sita kamili picha ya zamani ikakatika. Skrini ikawa ya buluu yenye maandishi ya kuwashukuru watazamaji. Saa saba watu walikuwa kwenye vituo vyao, na miguu yao ilikuwa ndani ya matope ya kimbunga. Kikuyo alikaa karibu na kitanda cha Mama Fusae, mkononi rimoti, televisheni ameihamishia dijitali, skrini nyeusi, dirisha wazi.

Juu, Tsuneharu akaanza kugeuza.

Lakini dijitali haina chenga. Dijitali haina vivuli. Ama picha ipo nzima, ama hakuna kitu. Kikuyo alikaa akingoja chenga zianze kupungua, na chenga hazikuwepo. Kila walipouliza kutoka juu, alipiga kelele dirishani, "Hakuna." Neno likapanda. Hakuna, hakuna, hakuna. Juu, yule ambaye hajawahi kutulia akageuza kulia, akageuza kushoto, akarudi, akaharakisha. Saa nane. Saa tisa. Wanamieleka wa madaraja ya chini walikuwa wamemaliza bila Kurotani kuwaona.

Mama Fusae alikuwa ameikazia macho skrini ile nyeusi. Hakuwa na kazi nyingine. Saa tisa na nusu alimshika Kikuyo mkono.

"Umeona?"

"Nimeona nini, dada? Giza tupu."

"Mkono wa mwamuzi. Umepita."

Kikuyo alisema hakuona. Wakangoja. Baada ya muda skrini ikashtuka tena, kipande cha rangi, ikafa. Na hapo Mama Fusae akaelewa. Picha hii mpya inachelewa. Antena ikielekea mahali pake, televisheni inakaa kwanza, inawaza, ndipo inafungua. Na kabla haijafungua, Tsuneharu amekwisha kupita. Alikuwa ameipita mara ishirini pengine. Mchana kutwa alikuwa akipata, hasimami, anapoteza.

"Mwambie asimame," akasema Mama Fusae. "Ageuze upana wa kidole kimoja, halafu amtaje Amida mara kumi. Akimaliza bila kusikia neno, ageuze kidole kingine, amtaje tena mara kumi. Asiguse kabla."

Kikuyo akaupeleka ujumbe dirishani kama alivyopewa. Lakini midomo ile saba ilikuwa imezoea neno moja moja. Ujumbe ukapunguzwa hapa, ukapunguzwa pale. Ulipofika juu ulikuwa umebaki hivi: taja jina la Amida, ujumbe umetoka kwa Fusae.

Wasikilizaji, ninyi ni watu wa huku. Mnajua ukiwa shambani ukaambiwa utaje jina la Amida, na nyumbani kuna mgonjwa, maana yake ni nini.

Spana ikaanguka. Tsuneharu akaanza kukimbia.

Alikimbia kushuka njia aliyoifyeka mwenyewe, mzee wa miaka sabini na sita, kwenye utelezi, akiwapita watu vituoni bila kujibu. Kituo cha nne, katikati ya mierezi, alikuwepo Nagami Hidesuke, mume wa Kikuyo, mtu mnene wa kusema kidogo. Alijitupa njiani akamkamata mkanda.

"Unakwenda wapi?"

"Niachie. Fusae amekufa."

"Hajafa," akasema Hidesuke. "Anakusema tu. Anasema husimami."

Hidesuke alinisimulia kwamba Tsuneharu aliketi chini kwenye majani yenye maji, akacheka, kisha akawa hacheki. Alikaa hivyo kwa muda mrefu kuliko Hidesuke alivyowahi kumwona akikaa. Ndipo Hidesuke, aliyeusikia kabla haujapunguzwa, akampa ujumbe wote, neno kwa neno: kidole kimoja, Amida mara kumi, usiguse. Akarudi juu. Saa kumi na nusu ilikuwa imepita.

Kule juu hakuna aliyemwona isipokuwa mtu wa kituo cha saba. Anasema Tsuneharu aliikumbatia nguzo kwa mikono miwili. Akageuza upana wa kidole. Akalitaja jina la Amida mara kumi, kwa sauti, bila haraka. Kimya. Akageuza kidole kingine. Mara kumi tena. Baadaye alimwambia Chizuru, "Miguu ilitaka kwenda. Nikaifunga kwa jina lile." Alikuwa amesali hekaluni miaka sabini karibu na mlango. Siku hiyo ndiyo aliyosali bila kuangalia mlango.

Mara ya tisa, huko chini, televisheni ikafunguka. Picha nzima, sauti nzima, uwanja umejaa watu, na migongo ya wanamieleka inang'aa jasho. Kikuyo alisahau maneno yote matatu. Alibaki anapiga fremu ya dirisha kwa rimoti. Mama Fusae ndiye aliyesema, kwa sauti yake ndogo, "Safi." Kikuyo akalichukua neno. Likapanda mlima. Safi, safi, safi, midomo saba, mpaka juu.

Ilikuwa saa kumi na moja na dakika ishirini.

Hapo, wasikilizaji wapendwa, nisimame kidogo, nirudi kwenye msiba wetu.

Mzee Uyama alifariki Jumanne, siku ya tatu ya mashindano ya Novemba. Jumatatu jioni alikuwa amekaa kando ya kitanda cha mkewe, ameandika majina yote ya siku ya pili. Chizuru alifika kutoka Hiroshima Jumanne mchana. Alikikuta kikombe cha baba yake kando ya kitanda. Alikiinua ili akimwage. Hakikuwa na kitu ndani. Aliniambia, "Nilikiangalia sana. Kilikuwa kikavu mpaka chini." Nimeliona daftari. Siku ya tatu ina mwandiko mmoja.

Kwako Mama Fusae, mama yetu, tunakupa pole. Najua unatusikiliza, redio iko dirishani. Kwako Chizuru, na kwa nyumba sita zilizobaki Kurotani, poleni sana. Amida, ambaye alimngoja Tsuneharu miaka yote ile, amepokea mtu aliyekwisha kujifunza kukaa. Nasi tunaobaki atupe moyo huo.

Na wewe unayenisikiliza huku umesimama, umeshika ufunguo wa gari, au umeinama unafunga kamba za viatu. Nakuomba jambo moja. Kabla hujatoka kwenda kuangalia kile unachokwenda kuangalia, geuka uangalie chumbani. Yupo nani hapo? Amekungoja tangu lini?

Sasa nimalizie jioni ile ya tarehe ishirini na nne Julai.

Neno lilipofika juu, watu wote walishuka mbio. Walijaa sebuleni kwa Mama Fusae na matope yao, wengine barazani, wengine dirishani. Tsuneharu hakushuka. Aliogopa upepo wa usiku. Alibaki akikaza nati, akifunga waya, akikaza tena zilizokwisha kukazwa. Mapambano makubwa yakapita moja baada ya moja, na Mama Fusae akaandika maduara yake. Likabaki la mwisho.

Wanamieleka wawili wakatupa chumvi. Wakachuchumaa. Na Mama Fusae akafumba macho.

Kikuyo alimwona. "Dada Fusae, tumechanika miguu mlima mzima kwa ajili yako, halafu unafumba macho?"

"Mtu yeyote asiniambie ameshinda nani," akasema Mama Fusae. Akaweka kalamu chini, akamwashiria Kikuyo azime sauti.

Tsuneharu aliingia saa kumi na mbili na nusu. Matangazo ya sumo yalikuwa yamekwisha. Alisimama kizingitini, spana mkononi, maji yakimtiririka, akaitazama picha ile safi kwa furaha kubwa. Akauliza nani ameshinda. Chumba kizima kikamgeukia Mama Fusae. Akauliza tena.

"Sijui," akasema mke wake. "Sikuangalia."

"Hukuangalia? Picha ilikuwepo."

"Ilikuwepo, Baba Chizuru. Wewe ndiye hukuwepo. Miaka yote unaniletea picha, unaondoka. Nilitaka la mwisho tulione wawili."

Akamwonyesha daftari, na ile nafasi tupu.

Tsuneharu aliinama akaitazama. Kikuyo alitaka kumdokeza mshindi, Hidesuke akamkanyaga mguu. Nje upepo ulikuwa umeanza, na kila mtu alimwona Tsuneharu akiusikia, shingo yake ikigeukia mlango kama kawaida. Kisha akaiweka spana chini ya madhabahu, mahali pa ubani. Akavua viatu. Akaketi sakafuni kando ya kitanda, na matope yake yote, akasema kwa sauti ambayo hata walio barazani waliisikia:

"Nyote mliomo humu ni mashahidi wangu. Kuanzia Septemba, saa kumi na moja jioni nitakuwa nimekaa hapa. Upepo ukitaka kuvuma, uvume. Mama Chizuru, sitanyanyuka mpaka uandike duara la mwisho."